Karavani Iliyotaka Hodi

Asubuhi moja ya Jumamosi, mwaka wa themanini na sita, Dedan alilala chali chini ya karavani mjini Malindi, suruali yake nzuri imejaa mchanga, akigongagonga vyuma kwa nyundo. Mkewe, Jedida, alimshikia koti. Walikuwa wamechoshwa na chumba cha kupanga Mtwapa, ukuta mmoja na baa, na kiwanja chao cha Kuruwitu hakikuwa na hata tofali. Nyumba ya magurudumu, ya kuvutwa na kuegeshwa tu, ingewatoa katika adha hiyo. Jedida aliitamani mno.

Dedan hakuwa mtu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Alikagua ekseli, akakanyaga sakafu kwa kisigino akitafuta mbao zilizooza, akapanda na ndoo ya maji akaimwaga juu ya paa. Halikuvuja hata tone.

Jedida alikuwa akimtazama Hafidha, mama wa Kiamu aliyemfanyia kazi Mtaliano mwenye karavani. Hafidha alikuja na ufagio, akasimama mlangoni. "Hodi," akasema. Akangoja kidogo, ndipo akaingia. Ndani hamkuwa na mtu.

"Shikamoo, mama. Unambishia nani?"

"Marahaba, mwanangu. Simjui. Nami nalikuta watu wabisha, nikabisha."

Jedida alimnong'oneza mumewe. Dedan akacheka. "Nyumba yangu nibishe hodi? Kwani mimi mgeni?" Akainunua siku hiyo hiyo.

Trekta iliivuta hadi Kuruwitu. Jumatatu jioni Dedan alirudi kutoka kazini akamkuta mkewe nje na sufuria ya githeri, mlango umekomewa kwa ndani. Akavunja komeo, akatia jipya. Kesho yake mlango ukakomewa tena. Akaling'oa kabisa. Mlango ukabaki na matundu ya skrubu, na bado haukufunguka.

"Nilikagua kila kitu!" akafoka, akiupiga teke. "Kila kitu!"

Jedida alimsogeza pembeni. "Hodi," akasema. Mlango ukafunguka wenyewe.

Tangu hapo Jedida akawa anabisha, na Dedan akawa anamnunia. Kichwa kigumu namna gani! Neno moja la adabu, ambalo angempa hata jirani asiyempenda, lingemtoa nini mwilini? Badala yake alingoja mkewe abishe, kisha akapita nyuma yake akisonya. Jedida alichoka naye kuliko alivyouogopa mlango.

Ijumaa Jedida alichelewa sokoni. Aliporudi, alimkuta Dedan amelowa mvua chapachapa, anausukuma mlango kwa bega.

"Sema hodi, Dedan. Nakuomba."

"Kwangu? Sisemi!"

Akavunja kioo cha dirisha, akajipenyeza. Viatu vyake viliingia mwisho. Jedida akasikia hatua. Hatua nyingine. Kisha kimya.

"Dedan?"

Akausogelea mlango.

"Hodi," akanong'ona.

"Karibu," ikaitika sauti ya mwanamke.

"Karibu," ikaitika ya Dedan.

Mlango ukafunguka. Hamkuwa na mtu. Nyayo zenye matope zilianzia chini ya dirisha, zikaishia katikati ya sakafu. Sakafu ile ile aliyoikanyaga kwa kisigino, nzima, isiyo na ufa.

Polisi waling'oa mbao zote. Chini palikuwa na mchanga mkavu tu.

Wanunuzi wamekuja, wamelala chali chini yake, wamegonga vyuma. Jedida huwafukuza. Amejijengea kibanda cha udongo kando, na magurudumu ya karavani yamezama ardhini. Kila jioni husimama mlangoni akabisha, maana hiyo ndiyo njia pekee iliyobaki ya kuisikia sauti ya mumewe. Neno ni moja tu. Bado limekasirika.

Na kila Jumamosi hulikuta shati la kazi la Dedan kwenye msumari nyuma ya mlango, limelowa jasho, bado lina joto. Hulifua, hulianika, hulikunja. Kisha hubisha hodi, akalirudisha.