Jiwe la Kumalizia

Mawe ya Teresa pale sokoni Owino ni ya kunolea visu na mapanga, hilo kila mtu analijua. Lakini Abdul-Karim, kinyozi wa Makindye, Mnubi mkaidi kuliko punda, hataki kusikia habari ya mashine. Ananyoa kwa wembe wa kukunja, na wembe huo unataka jiwe la kumalizia, lile laini la mwisho kabisa. La zamani lilimponyoka likapasuka wiki aliyomzika mkewe, Rahmah. Basi akachutama mbele ya Teresa, akaanza kuchagua: analowesha jiwe, anapitisha ukucha, anatega sikio. Likikwaruza, anaweka chini. Likilia mchanga, anaweka chini.

Akafika kwenye jeusi moja. Halikutoa sauti hata kidogo, na lilipolowa likanukia udi.

"Hili umelitoa wapi, mama?"

Teresa alilitazama akajivuta nyuma. "Banange! Hilo sikuleta mimi, mzee. Liache tu."

Angeliacha mtu mwenye watu nyumbani. Huyu alikuwa amenusa kanga za Rahmah miezi minne mpaka harufu ya udi wake ikaisha, na leo anaikuta jiweni! Hata bismillahi, ambayo haikosi kumtoka kinywani kila anapomwagia jiwe maji, siku ile aliisahau, akalinunua akaondoka nalo.

Kesho yake dukani, alipoanza kunoa, pumzi ikampita sikioni.

"Abdu, chai inapoa."

Sauti ya Rahmah, ile ile. Hofu ilimshika, lakini furaha ilimshika zaidi. Akajibu. Tangu hapo akawa ananoa wembe uliokwisha kunoleka, asubuhi, adhuhuri, alasiri, mradi aitwe Abdu. Hakuna mwingine duniani aliyemwita hivyo.

Ijumaa akaja Ocira, afande wa polisi, rafiki yake wa miaka ishirini na mtu pekee aliyekuwa bado anapita kumjulia hali. Akaegemea kiti anyolewe ndevu, akafumba macho.

"Ulikuwa unaongea na nani, Karim?"

"Na jiwe, afande. Inua kidevu."

Ocira akacheka. "Upweke utakumaliza, ndugu yangu."

Wembe ukashuka hadi kooni, na hapo udi ukajaa dukani mpaka ukamkaba pumzi, na sauti ikaja karibu kuliko siku zote, ikisema bonyeza, Abdu, bonyeza kidogo tu, aondoke huyu, tubaki wawili, na mkono wake ukawa mzito, ukalaliwa na mkono mwingine wa baridi asiouona, ukasukumwa chini taratibu juu ya mshipa wa Ocira uliokuwa ukicheza, na Abdul-Karim akakumbuka kwamba Rahmah, aliyekaa kwenye kigoda cha pale dukani miaka thelathini akimwangalia akinoa, hakuwahi hata siku moja kumwambia abonyeze. Neno lake lilikuwa kwamba kwenye jiwe la mwisho, na kwenye shingo ya mtu, uzito wa wembe wenyewe unatosha.

"Wewe si Rahmah," alinong'ona.

Akautupa wembe. Akasoma Ayatul Kursiy kwa sauti ya kupasuka, akalinyakua jiwe, akatoka nalo mbio, akalitumbukiza kwenye mtaro ng'ambo ya barabara. Udi ukapotea. Ocira, jasho likimtoka, alimsikiliza akisimulia yote mpaka mwisho, akamshika bega.

"Limekwenda, Karim. Limekwenda."

Lilikwenda kweli, na hapo ndipo tabu ilipoanza. Jumamosi kimya. Jumapili kimya. Alimimina chai vikombe viwili akavitazama vikipoa. Masikini, alimkosa hata yule aliyetaka kumfanya muuaji.

Ijumaa iliyofuata Ocira alikuta mlango wa duka umefungwa kwa ndani. Nyayo za matope meusi zilitoka mtaroni, zikavuka barabara, zikaishia kizingitini. Udi ulivuja chini ya mlango. Alipoinua mkono agonge, alimsikia rafiki yake akiongea kwa upole.

"Najua si wewe. Niite tu."

"Abdu," sauti ya mwanamke ilijibu. "Inua kidevu."