Jina Kwenye Mstari Mtupu

Kengele ililia mtoto akiwa ameshageuka rangi. Nesi Mukami alikuwa amemwona kwa macho yake mwenyewe, akamnyanyua na kumsugua mgongo hadi akavuta pumzi, na ndipo mashine ikakumbuka kupiga kelele.

"Musyimi, hii kitu yako inachelewa," alisema kwa sauti ya chini. "Na leo ilikuwa huyu wako."

Musyimi ndiye aliyeandika programu ya kuchunga vitanda vya joto katika hospitali hiyo ndogo ya Nunguni, na sasa binti yake, aliyezaliwa kabla ya miezi kutimia, alikuwa amelala katika kimoja. Programu ilifanya kazi kama mhudumu mmoja wa hoteli yenye meza nyingi: anafika, anauliza hali, anapita, hangoji chakula kiive. Mteja mmoja akimshika mkono, wengine wote wanalala njaa.

Akaketi koridoni na kompyuta mapajani, ukungu wa asubuhi umeziba dirisha, akaongeza kipimo cha kuonyesha ni nani anayemshika mhudumu mkono. Mistari ikajitokeza kwenye skrini, kila mmoja na jina la mtoto. Mmoja haukuwa na jina, na huo ndio uliokuwa ukizuia mzunguko mzima.

Mtoto pekee asiye na jina alikuwa wake. Kwa Wakamba mtoto hupewa jina siku ya tatu, na kabla ya hapo huitwa kiimu, bado ni wa mizimu. Siku hiyo ilikuwa imempita akiwa ndani ya mashine, bila mikono ya nyanya yake. Mfa maji haachi kutapatapa. Musyimi akaandika jina la mama yake: Kalunde.

Mstari ukanenepa. Harufu ya nywele zilizoungua ikapita koridoni. Kisha, chini ya jina lile, akaona mstari mwingine mtupu, mwembamba, unaohema kwa shida huku ukingoja zamu isiyofika, na akaelewa kwamba huyo ndiye binti yake, na kwamba jina amekipa kitu ambacho hakuna mtu aliyekiandika, kitu ambacho sasa kilikuwa kimetulia, kikipumua polepole ndani ya feni ya kompyuta kama mgeni aliyepewa kiti. Alilifuta jina. Likarudi. Akalifuta tena, likarudi.

Mama yake alikuwa ameketi kando yake kwenye benchi la koridoni, chupa ya uji wa wimbi mkononi. Alinusa hewa.

"Umeita nani?"

"Nilidhani ni mtoto, mama. Nimeipatia jina yako, na haitoki. Naweza kuiua programu yote, lakini sijui itaenda na nini."

"Itaenda na jina."

"Hiyo jina ni yako."

"Nimekula chumvi nyingi, mwanangu. Huyo hajaonja hata maziwa."

"Mama, tungoje pasta aje kuomba."

"Na mtoto atangoja?"

Mstari mwembamba ulikuwa umeanza kulala. Musyimi alilia kama ambavyo hakuwa amelia tangu utotoni. Mama akamwekea mkono mgongoni, na mkono huo ukiwa hapo, Musyimi akabonyeza kitufe cha kuiua yote.

Programu ikajiwasha upya, na kengele ikalia papo hapo. Mukami akapita mbio, mlango ukagonga ukuta, na baada ya muda uliomzeesha Musyimi, kilio chembamba cha mtoto kikasikika.

"Mama, umesikia?"

Mkono ulikuwa bado mgongoni mwake, mzito. Alipogeuka, macho ya mama yalikuwa yakitazama ukungu, na uji ulikuwa ukimwagika kwenye viatu vyake.

Walipokwisha kumfunika mama shuka, Mukami alikuja na kadi ya kitanda na kalamu. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Pole sana. Mtoto yuko sawa. Niandike jina ya susu, nyanya yake?"

Harufu ya nywele ikapita, kidogo tu. Musyimi aliishika kalamu.

"Usiandike hiyo."

"Sasa niache wazi?"

Musyimi aligeukia kompyuta. Kwenye skrini mhudumu alipita kitanda cha kwanza, akapita cha pili, akafika kwa binti yake, kwenye mstari ambao bado ulikuwa mtupu. Hapo akashikwa mkono.