Mkwe Alipopanda Jukwaani

Mkono wa mkwe wetu ulikuwa shingoni mwa mjukuu wangu, na ukumbi mzima unapiga makofi.

Walidhani ni maigizo.

Mimi nilikuwa safu ya mbele, nimempakata kitukuu changu, biskuti imemlowa mkononi. Nikaangalia miguu ya mama yake pale jukwaani. Vidole vimejikunja ndani ya viatu vya wazi... Wanangu, anayeigiza hakunji vidole namna ile.

Ngoja niwarudishe nyuma.

Mjukuu wangu anaandika michezo ya kuigiza. Ukumbi wa mkoa ulimchukua akae pale, wakampa chumba na waigizaji, aujenge mchezo wake mpya. Nilikwenda naye kumlelea mtoto.

Kazi yao ilikuwa hivi: asubuhi anaandika, mchana waigizaji wanasoma, panapolegea anafuta. Pengine anaacha wazi kabisa, mwigizaji aseme linalomjia mdomoni, yeye achague.

Mchezo ulimhusu mke anayekabwa na mumewe, na hakuna anayemwamini.

Baba yake, mwanangu wa kumzaa, alishasema: ukumbi ukimalizana naye, anarudi kwa mumewe. Alishakimbia, akarudishwa. Eti mkwe ni mpole, hapandishi sauti.

Na kweli alikuwa mpole. Kila mchana alikuja, anakaa viti vya nyuma kwenye giza, anatabasamu. Siku moja akaniinamia sikioni.

"Bibi, huyu mke mwenzio ana mambo. Tukifika nyumbani tutaongea vizuri."

Nilicheka. Kisha nikamvuta mtoto karibu.

Siku ya kuwasomea wageni, tukaambiwa mwigizaji wa upande wa mume anaumwa. Mjukuu wangu akamwomba mumewe, kwa sauti laini, asaidie kusoma. Yeye angesoma upande wa mke. Watu wakamshangilia. Akapanda, kifua mbele.

Alisoma vizuri, jamani. Mpaka mke alipoacha karatasi, akamtazama machoni.

"Leo naondoka na mtoto."

Mkwe akageuza ukurasa... Ukumbi unamsubiri.

"Uende wapi? Nilikwambia nini siku ile jikoni? Ukipiga kelele nabana zaidi."

Ndipo mkono ukaenda shingoni. Ndipo makofi.

Pazia likasogea. Yule mgonjwa akatoka mzima kabisa, akaubandua ule mkono. Kumbe walipanga!

Mjukuu wangu akakohoa mpaka machozi, akaichukua karatasi mkononi mwa mumewe, akamnyooshea baba yake aliyekaa pembeni yangu.

"Baba, soma. Hapo sikuandika kitu."

Ilikuwa nyeupe.

Makofi yakafa. Mwanangu akasimama taratibu, akapanda ngazi za jukwaa, akavua koti, akamfunika binti yake mabega. Kisha akamgeukia mkwe.

"Kwangu usikanyage tena."

Alisema kwa sauti ndogo, lakini mpaka wa viti vya nyuma walisikia.

Wanangu mnaosoma, binti akiwaambia anaumizwa, mwaminini siku hiyohiyo. Msimngoje athibitishe kwa shingo yake.