Kisukuku Kilichooshwa kwa Ndimu

Kila jioni Ritha huosha vyombo nyuma ya nyumba yao pale Magoma. Masufuria yenye masizi huyasugua kwa majivu na ndimu, kama mama yake alivyomfundisha, mpaka yang'ae. Alhamisi ile, alipomaliza masufuria, akaliosha pia jiwe la shule. Hapo ndipo balaa lilipoanza.

Jiwe hilo Mwalimu Stefania aliliokota kwenye mawe ya chokaa yaliyoletwa kwa lori kutoka Tanga. Lilikuwa na kisukuku, yaani mabaki ya konokono wa baharini aliyekufa zamani mno akageuka jiwe. Wanafunzi wa klabu ya sayansi walimlinganisha na konokono hai wa migombani, mstari kwa mstari. Jumamosi wangelipeleka kwenye maonyesho Handeni. Walilitunza kwa zamu, na Ritha alikuwa amelipokea kwa Semboja, mwenzake wa klabu.

Ndimu ilipogusa jiwe, vipovu vikatoka. Ritha akafurahi akidhani uchafu unatoka. Akalilowesha katika bakuli la maji ya ndimu, akaenda bombani, na foleni ilikuwa ndefu. Aliporudi, mistari yote ilikuwa imelika. Akalisuuza, akalitazama, akalisuuza tena. Usiku ule akalifunga kwenye kitambaa, akalitia mkobani.

Ijumaa asubuhi Mwalimu Stefania aliuliza kwa sauti ya chini, "Nani kaliharibu?"

"Nililipokea hivyohivyo kwa Semboja, mwalimu," Ritha akasema, na mara hiyohiyo akatamani ardhi immeze.

Semboja alijitetea mpaka sauti ikamkauka. Haikusaidia. Handeni asingekwenda, yeye aliyewatafuta konokono wote na kuwalisha majani wiki tatu.

Saa nne Ritha hakuugusa uji. Alimkuta Semboja nyuma ya darasa akiwarudisha konokono migombani, mmoja mmoja.

"Mbona unawaachia?"

"Nitawafanyia nini sasa?" Semboja alijibu bila kumtazama.

Ritha alishindwa kuvumilia. Alikimbilia ofisi ya walimu, machozi yakimtangulia.

"Shikamoo, mwalimu. Nilidanganya. Ni mimi, nililiosha kwa ndimu."

Mwalimu alilichukua jiwe mezani, akalitazama kwa karibu. Kisha akauliza, "Lilitoa vipovu?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu aliita klabu nzima. Akakamulia ndimu kwenye gamba tupu la konokono wa migombani, gamba kuukuu lililopauka. Vipovu vikatoka.

"Mnaona? Gamba la huyu ni chokaa, na la yule wa kale ni chokaa vilevile. Ni jamaa moja. Hili ndilo tutakalowaonyesha watu Handeni, na Semboja ndiye atakayeeleza. Ritha, wewe utabaki."

Ritha alimgeukia Semboja, akamwomba radhi mbele ya wote. Semboja aliitikia kwa kichwa tu, macho yake bado mekundu.

"Kuliharibu jiwe ilikuwa bahati mbaya," mwalimu akamwambia Ritha. "Hukujua, na mimi sikukufundisha. Kumtwisha mwenzako kosa lako hukufundishwa na mtu, uliamua mwenyewe. Siku nyingine ukikosea, njoo useme siku ileile, kabla mwingine hajalia kwa ajili yako."