Chandarua Ndani ya Sanduku

Kila asubuhi Mushiya alikunja mkeka, akachukua kidumu, akaenda kupanga mstari wa maji nyuma ya stesheni ya Kolwezi. Zamani, baba yake alipokuwa na kazi mgodini, saa hizo alikuwa akienda shule. Sasa nyumba yao ilikaliwa na watu wengine. Walikuwa wamefukuzwa na Wakatanga, wenyeji wa jimbo hilo, pamoja na Wakasai wote wa mtaa wao, kwa kuwa babu zao walitoka Kasai. Baba alitangulia na treni ya kwanza. Mushiya, mama yake na mdogo wake walibaki chini ya turubai kando ya reli, wakingoja treni ya kuwapeleka Kasai, nchi ambayo hata mama yake hakuwahi kuiona.

Walipofika hapo, muuguzi Mama Odile, Mkatanga wa mjini hapohapo, aliwapa chandarua kilichochovywa dawa ya kuua mbu. Mama yake Mushiya alikipapasa, akakisifu, kisha akakifungia ndani ya sanduku la bati.

"Mustikeri ya muzuri hivi, tuiweke hapa mu vumbi?" alisema. "Tutaitundika mu nyumba yetu, kule Kasai."

Basi mbu wakajilia. Aliyeumwa zaidi ni Ngeleka, mdogo wake Mushiya, mtoto wa miaka mitatu. Na kila Mama Odile alipopita kuuliza kama wanakitumia chandarua, Mushiya alimjibu bila kupepesa macho, "Ndiyo, mama, tunalala mule." Aliogopa wangenyang'anywa chandarua. Tena aliona haya kumsema mama yake.

Asubuhi moja Ngeleka aliamka mwili ukiwaka moto. Hakutaka uji wala maji. Mama Odile alimgusa shingo, akatazama kisanduku chake cha dawa kilichokuwa karibu kitupu.

"Kwinini iko kidogo sana," alisema kwa uchovu. "Naanza na batoto benye habana mustikeri. Huyu iko nayo, pengine homa yake ni ya tumbo. Nitarudi kumuona kesho."

Akageuka kwenda. Mushiya alimtazama mama yake. Mama aliinamisha kichwa. Mikononi mwa mama, Ngeleka alianza kutetemeka, macho yakimgeuka. Kama angenyamaza, mdogo wake angekufa.

"Mama Odile!" alipiga kelele. "Mi nilikudanganya! Mustikeri iko mu sanduku. Hatukuifungua hata siku moya!"

Muuguzi alirudi mbio. Hakugomba. Alimchoma Ngeleka sindano, akakaa naye mpaka akatulia.

Ngeleka alipona, ingawa kwa muda mrefu miguu haikuwa na nguvu ya kumbeba. Kwa jirani yao, Mama Fidélie, haikuwa hivyo. Kwinini iliisha kabla haijakifikia kitoto chake cha mwisho, nacho kilizikwa ng'ambo ya reli, bila jeneza.

Jioni ya mazishi hayo, mama yake Mushiya alifungua sanduku. Alifunga kamba ya chandarua kwenye nguzo ya stesheni iliyoshikilia turubai lao, akaanza kulia.

"Kuitundika hapa ni kusema hatutafika," alisema.

Mama Odile alimsaidia kufunga kona nyingine. "Treni itakuja, mama. Lakini mbu haingoje treni. Kwenu ni pale batoto banalala leo." Kisha akamgeukia Mushiya. "Na wewe, mutoto wangu, mutu wa dawa haone mu roho yako. Ukimuficha kweli, anakosa njia. Ulichelewa kusema, lakini ulisema. Usichelewe tena."

Mushiya alichomeka ncha za chandarua chini ya mkeka, pande zote, kama alivyoonyeshwa, na Ngeleka akalala ndani. Nje, binti wa Mama Fidélie aliyebaki alikuwa ameketi peke yake, amejikunyata. Mama yake Mushiya alipangusa machozi, akainua upande mmoja wa chandarua.

"Njoo, mama," alimwambia yule mtoto. "Ingia mbio, mbu isikutangulie."