Kitunguu Mwitu Kizingitini

Widad alijifunga mtandio, akakwapua juzuu lake la chuoni, akafika mlangoni na kusimama. Mguu mmoja aliuinua juu ya kizingiti, ukabaki hewani.

"Hebu toka, mwanangu, maalim atakutia bakora," alisema mama yake, Mwatum.

"Siwezi, mama. Pananichoma."

Mwatum alicheka, kisha akaliona jasho juu ya mdomo wa mtoto, kicheko kikamkauka. Nje, chini ya kizingiti, kitunguu mwitu alichokifukia juzi kilikwisha kuchanua: ua jekundu, duara, bila jani hata moja. Ua liko nje, lakini harufu yake imejaa ndani.

Pale Micheweni kitunguu hicho nani asiyekijua? Hukiponda wakabandika jipu. Mbuzi akikitafuna, haoni magharibi. Na kikifukiwa mlangoni, jini hapiti. Widad alikuwa akiweweseka tangu alipookota kuni karibu na mzimuni, basi mama mtu kiherehere kikampanda, akafukia kimoja mbele na kimoja uani, mganga hakumngoja.

Bi Shamima, mganga mwenyewe, alipoitwa hakuingia. Alilitazama ua akashika kiuno.

"Ulifukiza kwanza?"

"Bado, Bi. Nilitaka kumzuia asiingie."

"Masikini weye! Kashaingia zamani. Humtoa kwanza kwa ubani, ndipo ukaziba. Sasa umemfungia ndani, na kamvaa mwanao." Akashusha sauti. "Nakwenda kuchukua chetezo. Usiking'oe, wasikia? Ukiking'oa kabla ya kufukiza, jini atatoka na kiwiliwili cha mtoto, Widad mwenyewe abaki humo."

Akaenda. Mwatum alikaa kizingitini, jua la adhuhuri kichwani, akisikia kucha zikikwaruza ukuta wa mawe, zikishuka, zikipita chini ya kitanda, zikipanda tena, na katikati ya mikwaruzo hiyo sauti ya mwanawe ikizidi kufifia, mama maji, mama nakufa, mama n'toe, hata akahisi moyo unamchanika, akasema Bi Shamima na asemavyo, miye ndiye niliyezaa, akapiga magoti akachimba kwa mikono mitupu, utomvu ukimwasha mpaka viwiko, akakivuta, kikatoka na mizizi yake.

Mikwaruzo ikakoma.

Widad akavuka kizingiti, mkavu, mzima, anatabasamu. Mwatum alimkumbatia akalia kwa furaha, Alhamdulillahi, Alhamdulillahi. Mtoto alijibandua taratibu.

"Ahsante, Mwatum," alisema.

Tangu azaliwe hakuwahi kumwita mama yake kwa jina. Akageuka, akaipa mgongo njia ya chuoni, akashika ile ya mzimuni, wala hakutazama nyuma. Mwatum alitaka kumkimbilia, akageukia mlango, kwa maana ndani ya nyumba tupu, chini ya kitanda, mtu alikuwa akilia kwikwi.

"Mama," ilisema sauti ya Widad, "mbona umemtoa yule, miye ukaniacha?"