Maneno Meupe ya Talal

Soko la Darajani, Unguja, lilifurika watu, siku mbili kabla ya Ramadhani ya mwaka 2005. Wanu, mtoto wa kijiji cha Paje, alikuwa ametandika mkeka wake pembeni mwa wauza tende, baibui limepauka kwa chumvi lakini mtandio wa rangi ya zabibu ni mpya. Sabuni zake za mwani zilipangwa mbele yake, zimenyooka. Kijana mmoja mrefu, shati la pasi kali, harufu ya udi ikimtangulia, akachuchumaa na kuinusa moja.

"Bibie, umeipika wewe?"

"Kwani inanuka kiwanda?"

Akacheka. "Jana nimetafuta sabuni ya mwani kwenye mtandao. Imekuja ya Ulaya, ya Japani, mpaka ya nchi isiyo na bahari. Ya Paje haimo."

"Basi mtandao wako una makengeza."

"Hauna. Hausomi kisichoandikwa, basi."

Aliitwa Talal, mwenye duka la intaneti mtaa wa Hurumzi, kompyuta nne na feni moja. Alijitolea kuwatengenezea ukurasa Wanu na wapishi wenzake wa sabuni. Tangu hapo kila Jumatano Wanu alipanda gari la mjini, akaketi pembeni yake, akatazama. Shule aliishia darasa la saba. Macho yake hayakuwa yameishia popote.

"Mashine haioni picha, mpenzi, inasoma," Talal alimwambia. "Neno analolitafuta mtu, liweke kwenye kichwa cha ukurasa. Lirudie mstari wa mwanzo. Kisha liandike chini ya picha."

"Na nani kakwambia watu wanatafuta mwani? Wageni kule kwetu wananiuliza sabuni ya ngozi inayowasha."

Vidole vya Talal vikasimama. "We Wanu! Shule uliiacha kwa nini?"

"Yenyewe ndiyo iliyoniacha."

Neno lake likawekwa. Ukurasa ukapanda kwenye orodha ya mtandao, barua pepe zikaanza kuingia kutoka Nairobi na Muscat. Mapenzi nayo yakapanda. Kila alasiri simu ya Wanu ililia.

"Umekula?"

"Nshakula."

"Umekula nini?"

"Sauti yako. Haina mfupa."

Jumatano moja Talal alitoka kwenda kutia udhu. Wanu akakishika kile kipanya cha kompyuta, akakibonyeza na kukiburura mpaka chini kabisa ya ukurasa, mahali palipokuwa peupe patupu. Pakawaka buluu, na ndani ya buluu kukatokea maneno. Masaji, masaji, masaji. Asali safi. Harusi ufukweni. Mistari kwa mistari, yameandikwa kwa rangi nyeupe juu ya nyeupe.

Talal aliporudi, mikono ikichuruzika maji, alimkuta amesimama.

"Asali gani hii, Talal? Nani kati yetu anafanya masaji?"

"Wanu wangu, watu hawayaoni. Ni ya mashine tu. Yanatupandisha."

"Yatoe."

"Tutashuka."

"Na tushuke!"

Kabla hajajibu, mlango ukafunguka. Aliingia Bi Sheikha, mama yake Talal, bangili za dhahabu zikilia, mwanamke wa ukoo wa Kiarabu uliowahi kuwa na mikarafuu Bububu nzima. Wanu akamwamkia. Bi Sheikha akaitika huku akimpima kuanzia mtandio mpaka makubazi.

"Nani huyu, mwanangu?"

Talal akaigeukia kompyuta. "Mteja, mama."

Wanu akachukua mkoba wake. Mlangoni akageuka, akasema kwa utulivu, mama mtu akisikia: "Ya uongo umeyaficha yakupandishe. Ya kweli umeyaficha usishuke. Mimi sifichiki, Talal. Ukiweza kunitaja mchana, njoo. Huwezi, nsikuone."

Siku tatu hakupokea simu. Ya nne akapokea, yumo majini, kanga imelowa mpaka kiunoni, akifunga mwani kambani.

"Nimeyafuta yote," alisema Talal. "Tumeanguka mpaka ukurasa wa tisa wa matokeo."

"Vizuri. Tutapanda na yetu. Na mama yako?"

Talal akaanza kuuliza hali ya bahari.

"Talal, maji yanajaa. Sema."

"Nimemwambia nakutaka wewe. Kanuna. Kasema mwani unanuka. Nikamwambia hata mimi nanuka, maana siogi kwa sabuni nyingine."

Wanu aliziba mdomo kicheko kisimtoroke. "Basi mlete."

Aliletwa. Ijumaa baada ya sala, barua ya posa ikafika Paje. Bi Sheikha alikaa juu ya jamvi, leso puani, na kaka yake pembeni. Ami Msabah, aliyemlea Wanu tangu baba yake afariki, aliisoma ile barua, kisha akaligeukia pazia ambalo nyuma yake Wanu alikaa na wanawake. Kwa desturi mwari akiulizwa hunyamaza, na kimya chake ndicho ridhaa.

"Wanu, mwanangu, umesikia. Unamtaka Talal?"

Wanawake wakainamisha vichwa, wakingojea kimya. Kungwi akamfinya paja.

"Namtaka!" Wanu alisema, sauti ikavuka pazia na ua, wapita njia wakageuka.

Bi Sheikha akashusha leso. "Subhanallah! Mtoto huyu hana haya?"

"Haya ninayo, mama," sauti ikajibu kutoka nyuma ya pazia. "Kificho ndicho sina."